Nani Anamtunza Mgonjwa Wako?

Mgonjwa asiyetazamiwa kupona hana nguvu ya kukataa dawa mbaya, wala hatarudi kesho kushitaki. Basi yampasa serikali kumlinda. Ng'ambo ya Ziwa Edward, katika nchi ya Uganda, tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hii kuwaandikia wagonjwa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Muuguzi asiye na mafunzo hayo haruhusiwi. Na kwetu iwe hivyo: kila anayewatunza wagonjwa hao apewe ruhusa ya maandishi, na wakaguzi waje kuangalia dawa zake na vitanda vyake. Hapa Vitshumbi mvuvi huulizwa ruhusa ya mtumbwi wake. Je, mtunza wagonjwa asiulizwe? Nawe, kabla ya kumlipa, mwombe akuonyeshe ruhusa yake.