Bodaboda Halelewi na Serikali, Yeye Ndiye Anayeilea

Mwezi uliopita, msibani Mikumi, wilayani Kilosa, baada ya wali kuliwa na kabla wanakamati hawajaanza kugombania salio la rambirambi, mzee mmoja mstaafu wa serikali alitutangazia kinachoiangamiza nchi hii. Nilidhani atataja bei ya mbolea, au ukame, au hata waamuzi wa ligi kuu. Akataja bodaboda. “Serikali inawalea mno hawa vijana,” alisema. “Inawapa mikopo, imewapunguzia faini, inawaachia waharibu barabara, na wakivunjika miguu inawatibu. Ni mzigo.” Jamvi zima likatikisa vichwa kukubali.

Maneno hayo nimeyasikia mimbarani, nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwenye daladala za Msamvu yakisemwa na watu ambao dakika kumi baadaye walikuwa wanapunga mkono kuita pikipiki. Siku ile nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Leo sina maiti mbele yangu.

Twende kwanza kwenye pampu ya mafuta. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya leseni ya magari iliyokuwa inalipwa kila mwaka, ikaihamishia kwenye bei ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2023 ikaongeza 100 nyingine, safari hii kwa miradi ya kimkakati. Sasa mchukue kijana wa stendi ya Mikumi mwenye pikipiki ya Boxer. Siku ya kazi ya kawaida anachoma lita tatu. Kwa nyongeza hizo mbili peke yake, bila kugusa tozo zilizokuwepo tangu zamani, ameacha pampuni shilingi 600. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ameacha 180,000. Hajaomba msamaha wa kodi, hajaandikiwa barua ya kukumbushwa, hajakimbia kwenda kujificha mkaguzi alipopita. Amelipa kabla hajawasha injini. Mzee wetu ana gari linalolala chini ya mwembe toka Jumapili hadi Jumapili. Naomba jamvi lile lile liniambie, kati ya hao wawili, nani anayejenga barabara?

Na hiyo barabara anayoijenga iko wapi? Mtu anayeijua Kilosa kwa kupita tu kwenye lami haijui Kilosa. Wilaya hii ni Uleling'ombe, ni Vidunda, ni Lumuma kwenye vitunguu, ni mashamba ya mpunga ambayo gari halijawahi kuyaona. Huko hakuna basi la kulilalamikia. Kuna miguu na kuna pikipiki.

Masika iliyopita nilikaa nyuma ya kijana mmoja upande wa Ulaya. Tukafika kwenye kijito ambacho kiangazi mbuzi anakiruka. Siku hiyo maji yalikuwa ya magoti na yanakimbia. Kijana akashuka, akazima injini, akatoa tambara chini ya kiti akaziba ekzosi, akazifunga simu zetu kwenye mfuko wa rambo, kisha akapiga mluzi. Wakatokea vijana wanne na mti mrefu, wakaifunga pikipiki kwa kamba kwenye ule mti, wakaitia mabegani, tairi la nyuma likawa linapiga piga maji. Elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi. Mimi nauli yangu yote ilikuwa elfu nane. Nusu yake ilibaki kijitoni, kwenye ushuru usio na risiti ya EFD, na kijana hakulalamika hata kidogo kwa sababu masika kwake ndivyo ilivyo. Pale pangetosha mabomba mawili ya zege na mzigo wa mawe, basi. Hilo ndilo kalavati ambalo lita zake tatu za kila siku zilikuwa zimelipia.

Sasa turudi kwenye “kulelewa”. Mkopo anaoutaja mzee ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, kweli, lakini ni mkopo. Unarudishwa. Aprili 2023 ukasitishwa nchi nzima, ukarejea mwaka 2024, na muda wote huo sikusikia kwamba pikipiki zimepungua barabarani. Wengi hawajawahi kuuona huo mkopo kwa macho. Wanaendesha kwa mkataba: unapewa pikipiki, unapeleka hesabu, elfu kumi kwa siku kwa mwaka mzima na ushee, mvua inyeshe, mtoto augue, pikipiki ilale kituoni. Ukikosa hesabu wiki mbili unanyang'anywa, na ulichokwisha lipa kimeliwa. Atakayemaliza atakuwa ameilipia Boxer kwa bei ambayo muuza duka angeona haya kuitamka.

Nilipotoka msibani nikapita kijiweni kuuliza nani hutoa mikataba pale. Jina la tatu kutajwa lilikuwa la mzee wetu. Ana pikipiki tatu. Hesabu yake anaipokea jioni, na inasemekana hapendi noti chakavu.

Eti wamependelewa kwenye faini. Bajeti ya 2021 iliishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na hadi leo kuna watu hilo linawauma kama wao ndio walipunguziwa mshahara. Kabla ya hapo, basi lenye abiria sitini lilitozwa 30,000 kwa kosa, na kijana mwenye abiria mmoja na kilo mbili za nyama ya mteja alitozwa 30,000 hiyo hiyo. Huo ndio usawa wanaoulilia.

Lakini hoja inayonifurahisha kuliko zote ni hii ya kuharibu barabara. Pikipiki! Chombo cha kilo kama 120, weka dereva, weka abiria, weka na gunia la mahindi, bado hakijafika nusu tani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Illinois, Marekani, wahandisi walizungusha malori kwenye barabara za majaribio kwa takribani miaka miwili wakipima lami inavyokufa. Walichokiona kinafundishwa vyuoni mpaka leo: ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauzidi mara mbili, unazidi kama mara kumi na sita. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu gari la mzigo la hadi tani 56. Ndiyo maana pale Mikese kuna mizani ya malori, wala sijaona foleni ya Boxer zikisubiri kupimwa. Msimu wa miwa nenda Ruhembe au Kidodi, simama pembeni, angalia trela zinavyoyumba kuelekea kiwandani, halafu uniletee bodaboda aliyechimba shimo lile. Nitamlipia faini mimi.

Na serikali yenyewe inafanya nini ikitaka kumfikia mkulima? Inapanda pikipiki. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Mwaka wa fedha uliofuata bajeti ya Wizara ya Kilimo, chini ya Hussein Bashe, ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Hakuna aliyesimama akasema pikipiki ni uhuni, ni ajali, ni kupoteza vijana. Ikiwa na namba ya serikali ni kitendea kazi. Ikiwa na namba ya mtoto wa Kimamba ni mzigo. Zile za serikali baadhi zinafanya kazi nzuri. Moja ninayoijua, katika ofisi ya kata ambayo siitaji, imefunikwa turubai tangu mgao wa mafuta ulipokauka, na kuku wametaga chini yake. Afisa mwenyewe akihitajika shambani anaita bodaboda. Analipa kutoka mfukoni.

Hapa nimkumbushe msomaji kwamba nchi hii inaweza kununua shangingi jipya kumpeleka mkubwa kwenye semina ya kubana matumizi, na hakuna mstaafu anayeinua kidole msibani. Lakini hilo tuliache, daktari ameniambia nisiliongelee baada ya kula.

Tuongelee uzazi. Mfumo wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure kuitiwa gari la dharura, ni jambo jema na nitagombana na anayeubeza. Ila gari haliruki kijito. Mama wa kijijini akishikwa na uchungu usiku, hatua ya kwanza kuelekea Hospitali ya Mtakatifu Kizito hapa Mikumi, au ya wilaya kule Kilosa, ni pikipiki. Na mwanamke mwenye uchungu hakai peke yake nyuma ya pikipiki, ataanguka. Anawekwa katikati, dada yake au mkunga anakaa nyuma kumshikilia. Watu watatu. Kwa sheria huo ni mshikaki, ni kosa. Kijana anajua ni kosa, anajua trafiki akiwa na kiburi atamwandikia, na anajua kwamba saa nane usiku familia haina hela ya kumlipa mpaka mpunga uuzwe. Anawasha. Muulizeni mtu yeyote aliyezaliwa Uleling'ombe miaka kumi hii nani alimfikisha mama yake.

Ndiyo, vijana hawa wanavunjika. Wodi za mifupa zimejaa na mimi nimekwenda kutazama wagonjwa huko. Wengine wanaendesha kama wamelaaniwa, kofia ngumu imening'inia kwenye usukani. Lakini barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na kando yake kuna kibao kinachotaja faini ya kumgonga kila mnyama, kwa dola, mmoja mmoja. Kuna matuta, kuna ukomo wa mwendo. Sina ugomvi na twiga, Mikumi tunakula kwa ajili yake. Nauliza tu kwa nini kwa twiga tuliweza kujenga matuta na kuandika kibao, na kwa kijana tunaandika mahubiri.

Malezi pekee ya bodaboda yanayoonekana kwa macho hapa kwetu hutokea msimu wa kampeni. Reflekta yenye sura ya mgombea, na lita mbili za msafara. Vijana wanapiga honi mji mzima, wanaitwa maafisa usafirishaji kwa siku moja, na kesho yake wanarudi kuwa wahuni. Ile reflekta baada ya mvua mbili sura ya mheshimiwa inabaki pua.

Ninachotaka si pikipiki za bure. Liberia wamewahi kupanua njia za miguu vijijini zikatosha pikipiki: upana mdogo, mabomba kwenye vijito, madaraja mafupi, bila greda la mamilioni. Kilosa inaweza. Mto Mkondoa unapofurika, kama ulivyofanya mwanzoni mwa 2010, tunakimbilia kuokoa reli, na siku hizi tuna treni ya umeme inayosimama Kilosa na mahandaki ya kujivunia. Vizuri sana. Abiria akishuka pale na mizigo yake, safari iliyobaki ni ya bodaboda, kupitia kijito kile kile cha vijana wanne na mti.

Halmashauri hupitisha bajeti zake kati ya Januari na Februari, na baraza la madiwani hukaa hadharani. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wadogo zangu wa kijiweni, siku hiyo zimeni injini, pelekeni hesabu jioni kwa kuchelewa, mkae viti vya nyuma na risiti zenu za mafuta. Kalavati la kwanza likiulizwa fedha yake itatoka wapi, mzioneshe.