Mpaka ulichorwa 1886, hasara isibebwe na mkulima

Novemba 1, mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana Afrika Mashariki. Mstari ulianzia mdomo wa Mto Umba pwani, ukafika Ziwa Jipe, ukauzunguka Mlima Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Mkataba wa Julai 1, 1890 ukauendeleza kuvuka ziwa hilo. Wadigo, Wamasai na Wakuria, ambao ardhi yao ilikatwa vipande viwili, hawakuulizwa.

Mstari huo ndio mpaka wa Tanzania na Kenya hadi leo. Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi huru za Afrika ziliazimia kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana kuigusa kungezua vita. Hivyo mpaka wenyewe hauna mjadala. Kinachostahili mjadala ni gharama ya kuuvuka.

Tangu Januari 1, 2005, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Umoja wa Forodha. Mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayapaswi kutozwa ushuru wa forodha yakivuka kwenda nchi mwanachama. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa mpakani. Asiyejua haki hiyo hukimbilia njia za panya, na mzigo ukikamatwa, mtaji wote umekwenda.

Lakini hata anayefuata sheria hana uhakika. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti. Tanzania nayo iliwahi kuzuia mahindi yasiuzwe nje, mwaka 2011.

Hakuna anayepinga kulinda afya ya mlaji wala akiba ya chakula. Lakini mahindi yakishapakiwa kwenye lori, tangazo la usiku mmoja humwangamiza mkulima ambaye hakushirikishwa.

Umefika wakati serikali hizi zikubaliane kwamba zuio lolote litanguliwe na taarifa, na mzigo ulioko njiani upimwe na ukionekana salama upite. Wakubwa wa 1886 hawakumuuliza mkulima. Viongozi aliowachagua mwenyewe hawana kisingizio hicho.