Adui Abadilishaye Sare

Si kila askari anayesinzia lindoni ni mzembe au mlevi. Twajua kauli hii haitawapendeza baadhi ya makamanda. Lakini huku Nile ya Magharibi, kuanzia Ajia na Arua hadi Koboko, usingizi wa mchana waweza kuwa dalili ya malale.

Kimelea cha malale huingia mwilini kwa kuumwa na mbung'o, mdudu wa vichaka vya kando ya mito kama Enyau na Kochi, aumaye mchana. Hula sukari iliyomo katika damu ya mwenyeji wake, na mwili unapokwisha kuandaa kinga, chenyewe kimekwisha kubadili ganda lake la nje. Walinzi wa mwili huisaka sare ya jana. Adui amevaa nyingine. Aina ya malale iliyoko Busoga huua kwa wiki au miezi. Hii ya kwetu humwacha mtu akila na kufanya kazi hata miaka, maana mwenyeji aliye hai ndiye chakula chake, na ndiye akifikishaye kwa mbung'o mwingine. Homa huja na kuondoka, tezi za shingo huvimba, mtu humeza dawa ya malaria akarudi kazini. Kimelea kikifika ubongoni, usiku hukesha, mchana husinzia, tabia hugeuka, na asipotibiwa hufa.

Ni kweli kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina hii si tena tatizo la afya ya umma nchini Uganda. Hiyo si kusema yamekwisha, na mbung'o havuki mpaka wa Kongo wala wa Sudan Kusini kwa pasi. Vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi, vilivyosimikwa kando ya mito, vimetiwa dawa ya kumwua. Askari wa doria asiving'oe kufungia mzigo!

Basi twawaomba makamanda: anayesinzia mara kwa mara apimwe damu kabla ya kushtakiwa. Zamani kimelea kilichofika ubongoni kilitibiwa kwa sindano yenye arseniki, iliyowaua baadhi ya wagonjwa. Siku hizi wengi hupona kwa vidonge vya feksinidazoli, vimezwavyo pamoja na chakula kwa siku 10. Mashtaka yaweza kungoja majibu ya maabara.