Moolaadé: Kamba moja tu mlangoni

Wadau, kama hamjaiona Moolaadé ya Ousmane Sembène (2004), itafuteni. Wasichana wanne wanamtoroka ngariba, wanakimbilia kwa Collé, mama aliyekataa bintiye akeketwe. Anafunga kamba mlangoni, na kwa mila ya pale ya kumhifadhi mkimbizi, hakuna anayethubutu kuivuka. Wazee wa kijiji wanafanyaje? Wanazikusanya redio za wanawake na kuzichoma moto!

Nilichopenda ni hiki: Sembène hakutuletea mzungu wa kuja kutuokoa kama Hollywood walivyozoea. Mila mbaya inapigwa kwa mila nzuri, na anayepiga ni mama wa hapohapo kijijini. Sisi Tanzania tulipiga marufuku kukeketa wasichana mwaka 1998, lakini ngariba bado wapo kazini. Sheria tunayo jamani. Akina Collé tunao wangapi?