Mkuyu Ufukweni, Mkaratusi Mlimani



Kila tarehe 5 Desemba, Siku ya Kitaifa ya Mti nchini mwetu, hotuba hutolewa na miche hupandwa, na mikaratusi haikosekani kati yake. Hukua haraka, na hesabu yake hupendeza katika ripoti. Sisi twasema wazi: mkaratusi uliopandwa ufukweni mwa Tanganyika, iwe hapa Lusenda au kule Baraka, umepandwa mahali pasipo pake.

Hatuuchukii mti huo. Tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu wakimbizi wa Burundi, kuni zinatafutwa na wengi zaidi. Mti huo wa Australia hutoa nguzo na kuni kwa miaka michache tu, na anayeubeza hajawahi kutembea kutwa nzima akitafuta mzigo mmoja. Basi upandwe mlimani, mbali na chemchemi, ukatwe, upikiwe.

Ufuko una kazi nyingine. Mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda likaingia nyumbani mwa watu, Uvira na Baraka. Hakuna mti uwezao kuzuia ziwa zima lisipande. Anayewaahidi hivyo anawadanganya. Kiwezacho kupunguzwa ni mawimbi kumega udongo, na mvua kusukuma tope ziwani. Chini ya mikaratusi mimea mingine huota kwa shida. Ardhi hubaki wazi na kuchukuliwa na maji. Tope hilo hufunika mawe ambako samaki wa kando hula na kutaga, na wengi wa samaki hao hawapatikani popote duniani ila katika ziwa hili.

Matete hushika mchanga, hupunguza nguvu ya mawimbi, huficha vifaranga vya samaki. Hayahitaji kitalu, yahitaji tuache kuyafyeka na kuyachoma kila tutakapo nafasi ya kuanikia ndakala. Nyuma ya matete uwekwe mkuyu (jina lile lile la mti alioupanda Zakayo kule Yeriko). Mizizi yake hutambaa mbali, matunda yake hulisha ndege na watoto, kivulini mwake wavuvi hushona nyavu. Tena tawi lake likichomekwa ardhini mvua zinapoanza, huchipua, bila mfuko wa plastiki wala mradi.

Twaambiwa mkuyu hauna soko. Ni kweli, mbao zake ni laini na mafundi hawazigombei. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuuchagua: mti usiotamaniwa na shoka una nafasi ya kuzeeka ufukweni.

Mwaka huu, kabla ya mvua kuanza, kila kikundi kimwendee mzee wa Kibembe aishiye kando ya ziwa, kimuulize ni miti gani ilisimama pale zamani, na majina yake. Kisha vijana wa kambini na wenyeji wakate vipandikizi pamoja, wavizungushie miiba, na wapangiane zamu za kuwafukuza mbuzi.