Kijana Ana C, Alitaka B.Com: Arudie KCSE?

Matokeo yakitoka, swali hili husikika sana hapa Chepilat. Kijana alitaka kusomea biashara chuo kikuu, na digrii inataka C+. Yeye ana C. Pesa iliyoko ni ile ya bonus ya majani chai. Arudie?

Kwanza hesabuni pointi. C+ huanzia pointi 46, C ni 39 hadi 45. Mwenye 45 amekosa moja tu. Mwenye 39 amekosa saba. Hao wawili hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Maoni yetu ni haya: arudie kama anajua somo lililomwangusha, na kuna kitu kitabadilika. Labda alikuwa mgonjwa, au amepata mwalimu mzuri wa hesabu. Kama ni kurudia tu kwa sababu ya aibu, hapana. Anayerudia hujilipia mtihani mwenyewe, na mwaka mzima unapita.

Kuna njia nyingine. ATD ya kasneb hukubali C-, na akimaliza anaweza kuingia CPA. Uhasibu atausoma tu.

Mkiamua kurudia, wekeni karo kidogo kidogo kwa akiba iliyofungwa, isiliwe na mambo ya nyumbani. Na mtu akiwauzia "karatasi ya mtihani" kwa Telegram, huyo ni mwizi. Msimtumie hata bob moja.