Natamani takwimu za wizi zipande

Kila wakubwa wa usalama wanapotuambia barazani kwamba uhalifu umepungua, mimi hubaki na swali moja: umepungua mtaani, au umepungua kitabuni?

Nauliza kwa sababu nina ploti ya vyumba vya kupangisha Matisi, hapa Kitale, na mwenye ploti husikia mengi ambayo hayamfikii mkuu wa kituo cha polisi. Mtungi wa gesi umebebwa na sufuria ya chai bado ina moto. Nguo zimeanuliwa na asiyezifua. Balbu za nje, kuku, simu iliyonyakuliwa na abiria wa pikipiki inayopita. Karibu yote haya huishia uani kwangu. Mpangaji hupiga hesabu ya nauli ya boda kwenda na kurudi, kibarua cha siku kilichompita, na lile swali la kwenye kaunta: unamshuku nani? Kama humjui, umefuata nini? Anaona heri anunue mtungi mwingine.

Lakini kuna wizi unaofika kituoni na bado usihesabiwe, na huu ndio unaonikera zaidi. Mpangaji wangu mmoja alipigwa ngeta usiku akitoka stejini. Walichukua simu, pesa na pochi yenye kitambulisho. Simu na pesa alizisamehe. Kitambulisho angekisamehe vipi? Bila hicho hapati laini nyingine, na bila laini hela zake za M-Pesa anazisikia tu. Ili apate kitambulisho kingine, alihitaji abstrakti ya polisi. Nikamsindikiza, kituo sikitaji. Shingoni bado alikuwa na alama za mkono uliomkaba. Afisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa na foleni tu. Akauliza bila kuinua macho, "Umepoteza nini?" Kijana akajibu, "Kitambulisho." Ikaandikwa hivyohivyo. Nilipotaka kuingilia, kijana akanivuta mkono: mama, wacha, tusikawie. Tukatoka na karatasi yenye muhuri, naye akashukuru kweli.

Kwa hiyo katika vitabu vya serikali, usiku ule hakuna aliyekabwa Kitale. Palikuwa na mzembe fulani aliyeangusha kitambulisho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 162,174 katika mji huu; hata tuwe wengi kiasi hicho, sidhani kama wazembe wetu wanaweza kuangusha vitambulisho kwa wingi ninaouona kwenye ile foleni.

Kwetu ni Kanduyi, Bungoma, na huko kimya kina mizizi mirefu zaidi. Kati ya 2006 na 2008, wapiganaji wa kundi la SLDF walipotawala Mlima Elgon, upande huohuo wa Bungoma, walioshukiwa kupeleka habari walikatwa masikio. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, nalo likashutumiwa kutesa watu, na wanaume waliochukuliwa wengine hawajaonekana hadi leo. Mtu wa Cheptais, kulekule mlimani, aliyepita katika mikono yote miwili, leo umwambie aende akaripoti baiskeli? Kisha 2013, uchaguzi ukiwa ndio kwanza umeisha, magenge ya panga yakavamia vijiji vya Bungoma na Busia usiku. Watu waliuawa. Wanasiasa wakarushiana lawama, vijana wakakesha na rungu, na somo ambalo wengi walibaki nalo ni kwamba usalama ni wa kujitafutia.

Ukijitafutia usalama, utajitafutia na hukumu. Tarehe 13 Oktoba 2021, Masten Wanjala, ambaye polisi walisema amekiri kuua watoto zaidi ya kumi, alitoroka kituo cha Jogoo Road, Nairobi. Siku mbili baadaye alikuwa maiti kijijini kwao Bungoma, ameuawa na umati. Wengi walishangilia. Mimi niliwafikiria wazazi wa wale watoto, ambao hawatamsikia kizimbani akisema wapi, lini na kwa nini. Umati uliwafungia faili kabla haijasomwa.

Mpango wa ulinzi wa majirani wa Nyumba Kumi ulipoletwa baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, kwa mfano wa mabalozi wa Tanzania, nilidhani mzee wetu atakuwa macho na karani wa mtaa. Amekuwa msuluhishi. Mwizi akijulikana, wazazi wake hulipa mtungi, chai hunywewa, maneno yakaisha. Sibezi usuluhishi, umeokoa vijana wengi wasichomwe kwa tairi. Ila kwa kuwa hakuna kinachoandikwa, kijana huyohuyo ataiba mtungi, kesho betri ya pikipiki, kesho kutwa apige mtu ngeta, na kila mara itakuwa kosa lake la kwanza.

Waingereza tangu 1982 hawategemei kitabu cha polisi peke yake. Huwauliza wananchi majumbani walichotendewa, wawe wameripoti au la. Hapa kwetu anayebisha hodi ni mhudumu wa afya, na anauliza habari za choo na chandarua.

Wenye ploti wenzangu wananiambia nitawafukuzia wapangaji. Mtaa ukitajwa kwa wizi, kodi inashuka. Hofu yao naielewa, maana na mimi ninakula kutokana na kodi hiyo. Lakini wanaohama Matisi hawakusoma ripoti yoyote. Wamehama kwa sababu jirani aliibiwa. Na tunapopigania mlingoti wa mulika mwizi usimame kwetu, tunapeleka ushahidi gani? Bila hesabu, taa itakwenda kwa mwenye sauti nene barazani.

Ndiyo maana nasema takwimu za Trans Nzoia na Bungoma zikipanda mwaka kesho, sitashtuka, nitapumua. Nataka kila chifu abandike mlangoni mwa ofisi yake, mwezi hadi mwezi, idadi ya wizi ulioripotiwa katika kila mtaa. Nataka swali la kaunta liwe "umefanywa nini?" kabla ya "umepoteza nini?"

Kwangu nimeshaanza. Mpangaji akiniletea namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, nauli yake ya kituoni naikata kwenye kodi ya mwezi. Juzi mmoja ameniuliza kama kuku naye anahesabika. Nimemwambia anahesabika, tena aseme ni wa rangi gani.